Aliyepita Getini Peke Yake

Bordesley Green, Birmingham
4 Februari 2018

Kwako ndugu Kibet,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama watoto na watoto wote, na kwamba ule mguu haukusumbui sana. Mimi namshukuru Mungu, ni mgongo tu unaonikumbusha umri. Nafanya kazi katika hospitali kubwa ya hapa karibu, nasukuma vitanda vya wagonjwa kutoka wodi hadi wodi kutwa nzima. Ungeniona ungesema beki wa kushoto hatimaye amejifunza kukimbia.

Mwezi uliopita nilikupigia simu mara mbili. Mara ya kwanza ulisema "haloo," nikataja jina langu, ukakata. Mara ya pili hukusema hata haloo. Basi nikamwomba dada Leyla anipe sanduku lako la posta, kwa sababu barua haikatwi. Unaweza kuichoma, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Nimemwona Kocha Tuloki.

Usiiweke chini. Ni yeye, Rab Tulloch, Mskochi wetu wa Kinu FC, yule ambaye Nakuru nzima ilishindwa kulitamka jina lake ikamwita Tuloki. Ana miaka sitini na saba, goti lake bovu kuliko mguu wako, na anaishi Acocks Green karibu na kituo cha treni. Kila Jumapili alikuwa akipanda mabasi mawili hadi Castle Vale, mfuko wa mipira begani, kufundisha timu ya wasichana. Binti yangu Kowsar, ana miaka kumi na minne, anacheza humo. Alikuwa akiniambia kwamba kocha wao mzee ana wazimu wa majina: huruhusiwi kupiga pasi mpaka umtaje kwa sauti unayempa. Mimi nikacheka tu, nikarudi kwenye vitanda vyangu. Mwezi wa kumi na moja nikapata Jumapili ya mapumziko, nikaenda kumwangalia mtoto. Castle Vale zamani ilikuwa uwanja wa ndege, na upepo wa pale bado haujaambiwa kwamba ndege ziliondoka. Nikasimama nikitetemeka, nikasikia wasichana wanaita "Kowsar! Kowsar!" kabla mpira haujatoka mguuni, kama tulivyofundishwa sisi Kinu. Kibet, nywele zilinisimama. Mzee akageuka, akaniangalia muda mrefu, akasema kwa Kiswahili chake kilekile, "Beki wa kushoto. Mzito."

Unakumbuka alivyokuwa akitusimulia maisha yake: mtoto wa mchimba makaa wa Fife, akaanza kucheza kiungo huko Uskoti akiwa na miaka kumi na minane, akanunuliwa na timu moja ya hapa Birmingham, akacheza mpaka goti likaisha, akawa kocha wa timu ya akiba, kisha akaja kwetu. Ya baada ya kwetu hukuyasikia. Alirudi hapa akaomba kazi ya ukocha kila mahali. Klabu ikiuliza Kenya, inajibiwa kwamba alimvunja mchezaji mguu. Akaishia kuendesha gari la mikate miaka ishirini na miwili, na Jumapili akifundisha watoto wa mitaa bure. Mwaka jana tu ndipo chama cha mpira cha huku kilipomwahidi kazi ya kweli, mkuu wa mafunzo ya wasichana. Lakini kazi hiyo inadai barua ya tabia njema kutoka kila nchi alikofundisha.

Barua ya Kenya ilifika Januari. Amenionyesha. Ni fotokopi ya ile ripoti ya 1989: kocha alimpiga teke mchezaji K. Rotich mazoezini kabla ya fainali kwa hasira, akamvunja mguu. Chini kuna muhuri mbichi wa Kinu FC na saini ya katibu. Jina la katibu halikuandikwa, lakini saini ina ule mkia mrefu uliokuwa ukiufanyia mazoezi kwenye magunia ya unga, ukijiandaa kuwa maarufu. Huku hawajagundua kwamba aliyevunjika na aliyepiga muhuri ni mtu mmoja.

Wamemsimamisha. Kamati itamsikiliza tarehe 12 Juni. Akishindwa, wanamnyang'anya leseni na hatafundisha mtoto yeyote tena maishani mwake.

Mimi na wewe tunajua mguu wako ulivunjikia wapi. Ulivunjikia nyuma ya uwanja, chini ya ukuta, na Tuloki hakuwepo. Nakuomba uandike hivyo, utie saini yenye mkia, uitume kabla ya siku hiyo. Sikuombi kingine.

Ni mimi ndugu yako,
Adow


Nakuru
1 Machi 2018

Kwa Adow,

Salamu. Sisi ni wazima. Mvua imeanza kwa fujo na barabara ya kwenda kinuni imekuwa matope. Mguu unauma, asante kwa kuuliza. Imekuchukua miaka ishirini na tisa.

Barua yako nimeisoma mara tatu hapa kwenye chumba cha mizani, malori ya ngano yakipiga honi nje. Sikuichoma. Lakini na wewe usome yangu vizuri.

Mama yako alipofariki mwaka 2011, mimi Mkristo nilivua viatu pale msikitini Bondeni, nikatembea nyuma ya jeneza hadi makaburini. Nilifanya hivyo kwa sababu nilipotoka Njoro sina pa kulala alinipokea miaka miwili, akanilisha anjera, ile mikate yenu laini ya Kisomali, asubuhi kama mnavyolishwa ninyi, na nilipougua alinikanda kwa maji moto. Leyla alisema amekuambia kwamba nilikuwepo. Hukuandika hata mstari mmoja. Leo Mzungu amekosa kazi, ndipo umelijua sanduku langu la posta.

Haya, tuje kwenye ukuta. Unauandika kana kwamba niliupanda peke yangu. Ilikuwa siku ya fainali. Mwenyekiti Jaffar alituambia mganga ameona geti la uwanja limefanyiwa kitu, na timu itakayopita pale haitafunga bao. Tuloki alikuwa ametukataza mambo hayo mara mia, na meneja wa kinu alikuwa ametangaza kwamba akisikia habari ya mganga tena anaivunja timu. Kwa hiyo tulimwacha Tuloki apite getini peke yake na mipira yake, sisi tukazunguka nyuma turuke ukuta. Wewe uliinama kutufanyia ngazi huku unasoma dua zako, kana kwamba Mungu hakuoni umeinamia nini. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikaanguka, mfupa ukatoka nje. Kinu ikacheza bila mimi na ikashinda bao moja kwa bila, na mji wote ukasema, mnaona?

Siku ya tatu Jaffar alikuja hospitalini na karatasi. Alisema lazima mguu uwe na mwenye makosa, la sivyo meneja ataulizia. Alisema wachezaji ishirini na wawili watakosa timu, lakini Mzungu akifukuzwa ataenda kwao, kwao timu zimejaa. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na mguu umening'inizwa kwa kamba. Nikatia saini. Na wewe ukatia ya shahidi, usijisahaulishe.

Walinipa kazi ya mizani. Nimeoa kwa kazi hiyo, nimesomesha watoto wanne. Jaffar alishakufa. Sasa mimi ndiye katibu na ndiye kocha wa vijana, na mpaka leo Kinu haipiti getini. Nyuma ya uwanja walitoa matofali wakaacha tundu, ili mimi kilema niingie bila kuruka. Wazazi wananiletea watoto wao kwa sababu ya kikosi kile kilichoruka ukuta kikachukua kombe. Barua ya wazungu ilipokuja nilitoa faili, nikapiga fotokopi, nikapiga muhuri. Ulitaka niandike nini? Kwamba kila kitu nilicho nacho kimesimama juu ya uongo?

Jibu ni hapana. Msalimie Kowsar.

K. Rotich
Katibu, Kinu FC


Bordesley Green
18 Machi 2018

Ndugu yangu Kibet,

Hujambo? Mama watoto hajambo? Huku theluji imeanguka mara mbili mwezi huu na leo nyeupe tupu, hata mabasi yamesita. Barua yako imefika, na muhuri juu. Umenipiga muhuri kama lori la ngano. Nimeustahili.

Kuhusu mama. Leyla aliniambia, jioni ileile. Aliniambia ulivua viatu, na kwamba uliposhika sepetu hukutaka kumpa mtu mwingine. Wakati huo nilikuwa na karatasi zangu zote, nilikuwa na likizo, na tiketi ningeipata. Sikuja kwa sababu niliona aibu kusimama kaburini karibu na wewe. Halafu nikaona aibu kuandika kwamba niliona aibu, na miaka ikapita hivyo. Nisamehe, Kibet. Wewe ulikuwa mtoto wa mama yangu siku ambayo mimi sikuwa. Asante. Ningeyaandika haya hata kama Tuloki asingekuwepo, napenda kusema hivyo, lakini sina hakika kwamba ni kweli.

Sasa nivumilie, kwa sababu sitaacha.

Nilienda mwenyewe kwa kamati nikaandika yote: mganga, ukuta, karatasi ya Jaffar. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akaweka mbele yangu ile ripoti ya zamani yenye saini yangu ya shahidi, akauliza, "Bwana, hapa ulisema uliona, leo unasema hukuona. Na binti yako yuko kwenye timu yake. Tukuamini wewe yupi?" Wanasema mtu mmoja tu anaweza kuifuta ripoti ile, naye ni aliyevunjika.

Tuloki mwenyewe halalamiki. Haruhusiwi kuingia kiwanjani, basi Jumapili anasimama ng'ambo ya barabara kwenye kituo cha basi, anaangalia, mabasi yanampita. Mzee Harbhajan, anayetuchorea mistari ya uwanja, akimaliza huenda kusimama naye ili asionekane mpweke. Jasbir, katibu wetu, ndiye anayefundisha sasa kwa kusoma daftari la Tuloki. Anajitahidi, lakini mechi nne tumefungwa.

Kowsar hunijibu Kiingereza hata nikimsemesha Kiswahili siku nzima. Juzi kwenye gari aliniuliza kama kocha kweli alifanya vile. Nikasema hakufanya. Tulipovuka taa mbili akauliza, "Kama ulijua, kwa nini hukusema tangu zamani?" Hilo aliliuliza kwa Kiswahili, neno kwa neno, nadhani ili nisipate pa kujificha.

Na jambo moja zaidi. Leyla ameniambia vijana wako hapo Nakuru nao hutaja jina la mwenzao kabla ya kupiga pasi. Anasema majirani wanawalalamikia kwa kelele. Wewe ulijifunza wapi hiyo, Katibu?

Siku bado zipo. Nangoja.

Ndugu yako,
Adow


Bordesley Green
6 Mei 2018

Ndugu Kibet,

Salamu tena. Wiki saba zimepita na posta haijaleta kitu. Nasikia mvua kwenu imebomoa madaraja na kuua watu, nikampigia Leyla, akasema mko salama. Nimefurahi sana. Kwa hiyo hujazama, umenyamaza tu.

Ninakuandikia kitu ambacho nilipaswa kukiandika kwanza kabisa.

Hukuteleza. Siku ile ulikuwa umesimama mgongoni kwangu, mikono yako imefika juu ya ukuta. Mimi nikiwa nimeinama nikamwona Tuloki anatokea kwenye kona ya barabara, peke yake, mfuko wa mipira begani, anaelekea getini. Niliogopa asije akaniona. Nikajiondoa, nikajibanza nyuma ya kichaka, na wewe ukabaki hewani. Ni mimi, Kibet. Wala si ukuta, na geti halikuwa na lolote. Nilipotia saini ya shahidi sikuwa nikiokoa timu yoyote, nilikuwa najificha kwa mara ya pili. Na nilipoondoka Kenya nikaenda Uholanzi, kisha hapa, sehemu ya mwendo huo ilikuwa kujificha kulekule.

Jumapili iliyopita nilivuka barabara hadi kituo cha basi nikamwambia Tuloki haya yote. Nilidhani atanipiga. Akaendelea kutazama uwanja, akasema, "Niliwaona."

Alituona, Kibet. Aliona miguu yetu inapita juu ya ukuta mmoja baada ya mwingine, akanisimulia hata mimi nilivyokimbilia kichakani, ila kuanguka kwako kichaka kilimziba. Aliingia getini akakaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akasubiri kumi na mmoja, wakaja kumi. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia meneja, angebaki na kazi yake. Akasema, "Angeivunja timu. Mlikuwa timu nzuri." Kisha akasema, "Nilidhani nitapata timu nyingine."

Nilirudi nyumbani nikakaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kuweza kuingia kwa watoto.

Sitakuomba tena. Umeshajua kila ninachokijua. Kamati ni tarehe 12 Juni, saa nne asubuhi.

Ndugu yako, ukinikubali,
Adow


Nakuru
27 Mei 2018

Adow,

Salamu kwako, kwa mkeo na kwa watoto. Nawatakia mfungo mwema. Mama watoto anasema Kowsar ana jina zuri. Mguu uko vilevile.

Nilijua. Mgongo wa mtu hauondoki wenyewe, nilikuwa nimesimama juu yake. Nililala hospitalini nikingoja uje useme, ukaja na machungwa, ukazungumza habari za ligi. Sikukusemea kwa mtu yeyote kwa sababu ya mama. Ningemwambiaje mama aliyenilisha kwamba mwanawe ndiye? Baadaye nikazoea kunyamaza mpaka nikaona ndiyo tabia yangu.

Lakini hilo la Tuloki sikulijua. Miaka yote hii nilijiambia kwamba Mzungu hakuelewa kilichompata, aliamka tu akakuta amefukuzwa, akaenda zake akapata klabu nyingine huko kwao akatusahau. Kumbe alikuwa ameketi kule ndani anahesabu wachezaji, akijua. Akanyamaza ili sisi tucheze. Na mimi nikamlipa kwa muhuri. Nililia, Adow. Nililia kwenye chumba cha mizani mpaka dereva mmoja akashuka kuniuliza kama nimefiwa.

Umeniuliza nilijifunza wapi kutaja majina. Unajua nilikojifunza. Kila jioni kwa miaka kumi na minane nimesimama pale nikiwapigia vijana kelele, "Jina! Jina kwanza!" kwa sauti ya mtu ambaye nilimpigia muhuri.

Huku kinuni lori likipimwa vibaya, halipiti, linarudishwa kwenye mizani mbele ya dereva mwenyewe. Kwa hiyo sikutaka kutuma karatasi kwa siri. Jumatano niliitisha kamati ya klabu nikawasomea nilichoandika, mstari kwa mstari, na ukuta na Jaffar na mimi mwenyewe nilivyopiga muhuri Januari. Kelele zilizopigwa sitaki kukusimulia. Mmoja alisema nimemtukana marehemu. Mwingine alisema ligi ijayo tutashuka daraja kwa ajili ya mdomo wangu. Wakaniondoa ukatibu palepale na kuninyang'anya muhuri. Ukocha wa vijana wameniachia, nadhani kwa sababu hakuna mwingine anayeutaka.

Basi hati haina muhuri. Nimeapa mbele ya wakili na kutia saini, mkia na vyote, na kidole gumba juu yake. Nimeiandika kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu kingeniachia nafasi ya kujificha. Binti yangu ameipiga picha na kumtumia Jasbir kwa simu, na karatasi yenyewe nimeituma kwa kampuni ya vifurushi, watasema imefika.

Nimeandika pia jina lako pale uliponiondokea. Ulisema umejificha mara mbili, nami sikukuficha ya tatu.

Kibet, yule wa anjera


Bordesley Green
24 Juni 2018

Ndugu yangu Kibet,

Salamu za Idi, ijapokuwa zimechelewa. Hujambo wewe, hajambo mama watoto, hawajambo vijana wako wenye kelele? Sisi tumefunga tumemaliza, na siku za huku kiangazi haziishi, jua linakataa kushuka mpaka mtu anaanza kulishuku.

Nikusimulie Jumanne ile. Kamati walikuwa watatu, na kwa kuwa hati ni ya Kiswahili waliita mkalimani, Mama Sikuzani, Mkongomani. Alipofika alinisalimu, "Jambo sana, papa, habari ya fungo?" akimaanisha mfungo, nikaogopa kidogo, nikawaza Kiswahili cha Nakuru kitamfikaje. Kumbe nilijisumbua. Alisoma polepole, Kiswahili kwanza kisha Kiingereza, kama wanavyotaka. Alipofika pale ulipoandika, "Aliingia getini peke yake kwa sababu sisi tulimwacha," alivua miwani akaifuta, akaomba maji. Mwenyekiti wa kamati akamwambia achukue muda wake. Mimi nilikuwa nimefunga, ningeweza kunywa jagi zima.

Walinisomea na jina langu. Nilisimama nikasema ndiyo, ndivyo ilivyokuwa. Kowsar alikuwa nyuma na Jasbir, sikutaka aje lakini alikuja. Tulipotoka alinishika mkono mpaka kwenye gari. Ana miaka kumi na minne, unajua hilo si jambo dogo.

Wameifuta ripoti. Leseni ni yake, jina lake ni safi, na wameandika barua kwa Kenya kuwaambia hivyo. Lakini kwa ile kazi kubwa hawakumsubiri, walimpa mtu mwingine mwezi wa nne. Nilikasirika nikataka kurudi mle ndani niwaambie maneno. Tuloki akanishika bega, akasema, "Jumapili ni saa nne. Waambie wasichana wasichelewe." Basi. Hakuna hotuba.

Jumapili alishuka basi la pili na mfuko begani. Mzee Harbhajan alikuwa ameipaka mistari rangi mara mbili. Wasichana walijipanga kando ya njia, na alivyopita kila mmoja akamtaja, "Rab! Rab! Rab!" kwa sauti, kama anayetaka kumpa pasi. Mzee alijifanya anatafuta filimbi mfukoni. Jasbir alimrudishia daftari lake, limejaa alama za kalamu nyekundu, na Tuloki alipolisoma akasema baadhi ya alama hizo ni bora kuliko alivyoandika yeye.

Nilimwuliza kama ana neno la kukuambia. Nilifikiri atasema amesamehe, au hajasamehe. Akasema, "Muulize kama mguu unamuuma wakati wa baridi." Ni hilo tu. Nimekuletea kama alivyolisema.

Ndugu yako,
Adow


Nakuru
20 Agosti 2018

Ndugu yangu Adow,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani. Kowsar mwambie baba yake mdogo wa Nakuru amefurahi. Sisi wazima, mvua imetulia, mahindi yanakomaa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kumtumia yule mzee maneno matupu. Nilingoja mechi.

Jumamosi tulicheza hapa hapa mjini, vijana wangu na timu ya Gilgil. Asubuhi niliwaambia tutapita getini. Walinitazama kama niliyewaambia wacheze bila viatu. Kipa alisema mama yake atamkataza. Wazazi walikuwa wamesimama upande wa nyuma, karibu na tundu, kama kawaida yao, na mmoja wa kamati iliyoniondoa ukatibu alikuwa nao anawaambia leo mtaona. Sikuwalazimisha. Nilisema, anayetaka ukuta, ukuta uko pale, mimi siupitii tena. Nikachukua mfuko wa mipira nikauweka begani, nikaenda.

Adow, kutoka kwenye kona ile hadi getini ni hatua kama sitini. Sikuwahi kuzitembea toka nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Nilipita getini, nikaingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikaketi kwenye benchi. Nadhani ni benchi lilelile, limepakwa rangi tu. Nikangoja. Niliogopa kweli, nakuambia wewe peke yako. Niliogopa kuhesabu.

Kisha nikasikia viatu vya mpira kwenye saruji. Sikuinua kichwa mpaka vilipoisha. Walikuwa kumi na mmoja, na kipa mbele.

Tulifungwa tatu bila. Yule wa kamati alicheka mpaka akashika mbavu, na wazazi wawili wamehamisha watoto wao. Jumamosi ijayo tuna mechi nyingine, na tutapita palepale.

Mwambie Tuloki tulipita getini. Mwambie tulifungwa, asije akadhani nimemficha. Na lile swali lake mjibu ndiyo, unauma, hasa mwezi wa saba asubuhi. Mwambie hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza habari ya baridi.

Ndugu yako,
Kibet